Kabla ya kulaumu homoni, mpimeni mtoto urefu

Nimelisema hili mpaka mdomo umekauka, na leo naliandika: mtoto anayenenepa huku akirefuka vizuri ni nadra sana kuwa na ugonjwa wa homoni. Magonjwa ya homoni ya watoto ndiyo kazi yangu. Kama thairoidi, ile tezi ya shingoni, ingekuwa ndiyo chanzo cha unene, ningekuwa wa kwanza kusema, maana ina dawa na dawa yenyewe ni rahisi.

Lakini wazazi wanaendelea kuja na karatasi za maabara mkononi, wameshahukumu. Mama anasema ni tezi. Baba anasema ni uvivu, mtoto hatoki kwenye kochi. Bibi anasema ndivyo ukoo ulivyo, hata babu yake alikuwa hivyohivyo. Na mtoto ameketi katikati yao anasikiliza kila neno. Huwa namwomba muuguzi amtoe nje kwanza, kwa sababu hakuna mtoto anayestahili kusikia watu wazima wakitafuta kosa ndani ya mwili wake.

Kipimo cha kwanza ninachotaka hakina sindano. Ni urefu. Urefu wa leo peke yake haunitoshi. Nataka angalau mara mbili, zikipishana miezi 6 au zaidi, niweke alama kwenye chati ya ukuaji nione mstari unaelekea wapi. Mtoto anayepata nguvu nyingi kuliko anazotumia huwa na insulini ya juu, na insulini hiyo inachochea ukuaji. Mifupa yake hukomaa mapema, na kabla ya balehe mara nyingi ndiye anayesimama nyuma kwenye picha ya darasa. Baadaye wenzake humfikia, kwa kuwa mifupa iliyowahi kukomaa huwahi pia kufunga. Mwenye ugonjwa wa homoni ni kinyume chake. Thairoidi ikilegea, kortisoli (homoni ya msongo) ikizidi, homoni ya ukuaji ikikosekana, kinachosimama ni urefu. Uzito unapanda, urefu umelala. Nikiona mistari miwili imeachana namna hiyo, mazungumzo ya chakula nayaweka kando na kuanza kutafuta ugonjwa, tena upesi.

Ndiyo maana kadi ya mtoto yenye uzito wa kila ziara lakini haina urefu hata mmoja hunikasirisha. Wahudumu wenzangu, ubao wa kupimia upo ukutani. Mvueni viatu, visigino viguse ubao, macho mbele, andikeni namba. Haichukui hata dakika mbili, na namba hiyo inanieleza mengi kuliko damu mnayoituma maabara.

Sasa TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi, maana hapa ndipo ugomvi ulipo.

Maabara nyingi huweka kikomo cha juu cha TSH kati ya 4 na 5. Mtoto mwenye unene uliokithiri anakuja na 6 au 7, T4 yake, yaani homoni inayotolewa na thairoidi yenyewe, ikiwa sawa kabisa. Namba imechapishwa kwa wino mzito, na mzazi anashusha pumzi: kumbe! Hapana. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, na leptini huisukuma ile sehemu ya ubongo inayoiamrisha thairoidi. Mafuta yakizidi, msukumo unazidi, na TSH inapanda kidogo. Yaani unene ndio unaopandisha TSH, mwelekeo ni huo. Uzito ukipungua, TSH nayo kwa kawaida hushuka bila kidonge chochote. Na mtoto wa aina hii ukimpa levothairoksini, kidonge cha thairoidi, mafuta hayaondoki.

Hata thairoidi ikilegea kwelikweli, kilo inazoongeza ni chache, na sehemu kubwa yake ni maji na chumvi iliyobaki mwilini. Haiwezi peke yake kumbebesha mtoto wa miaka 9 kilo 20 za ziada. Nimeona watoto waliokunywa kidonge hicho miaka miwili, familia nzima ikisubiri kifanye kazi, na muda wote huo hakuna kingine kilichobadilika nyumbani kwa sababu “dawa ipo”. Miaka miwili kwa mtoto ni mingi.

Ila vitabu vinachora mstari ulionyooka kuliko ulivyo. Mtoto mwenye TSH ya 9, T4 inayochungulia kikomo cha chini, na kingamwili kidogo dhidi ya thairoidi, huyo tunabishana. Mimi hurudia kipimo baada ya miezi 3, na nikiona kasi ya kurefuka inapungua naanza dawa. Mwenzangu wa chumba cha pili huanza siku hiyohiyo. Hakuna kati yetu mwenye ushahidi wa kumnyamazisha mwenzake.

Zipo sababu za kitabibu ambazo ni za kweli, na nazipitia haraka. Dawa: prednisoloni (steroidi) ya muda mrefu, risperidoni ya matatizo ya akili na tabia, valproeti ya kifafa. Msiziache wenyewe, hasa prednisoloni; kuikata ghafla kunaweza kuua. Njooni tuzungumze na aliyeiandika. Halafu kuna jeni moja moja zilizoharibika. Mwaka 1997 watafiti wa Uingereza walieleza habari za binamu wawili waliozaliwa bila leptini kabisa, wanene mno na wenye njaa isiyokatika. Miaka miwili baadaye ilichapishwa taarifa ya msichana wa miaka 9 aliyedungwa leptini kwa mwaka mmoja akapungua kilo 16 hivi. Hali hiyo ni adimu sana. Kasoro za MC4R, jeni inayosaidia ubongo kudhibiti njaa, si adimu kiasi hicho. Na mtoto wa Prader-Willi, ugonjwa wa jeni wa kuzaliwa nao, huwa amelegea tangu kuzaliwa na hawezi kunyonya vizuri, njaa huja miaka kadhaa baadaye. Kinachonifanya niwafikirie hawa ni unene uliokithiri ulioanza kabla ya miaka 5 pamoja na njaa ya kutisha, ya kuamka usiku kutafuta chakula.

Kwa waliobaki, yaani karibu wote, bibi ndiye aliyekaribia ukweli. Mwaka 1990 mtafiti wa unene Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa mapacha wa Sweden, wakiwemo waliolelewa nyumba tofauti. Mapacha wa kufanana walikaribiana mno kwa uwiano wa uzito na urefu hata pale walipokulia mbalimbali. Urithi una nguvu. Lakini kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri walikuwa asilimia 2 mwaka 1990, na mwaka 2022 wamefika asilimia 8. Jeni za binadamu hazibadiliki ndani ya miaka 32. Kilichobadilika ni yale yanayomzunguka mtoto, na jeni ndizo zinazoamua yatampata nani zaidi.

Na jeni hizo, nyingi ya tunazozijua, hufanya kazi kwenye ubongo, kwenye njaa na shibe. Watoto wawili wa tumbo moja wanakula meza moja. Mmoja anasukuma sahani ikiwa nusu na kukimbia kucheza, mwingine anamaliza na macho bado yako kwenye chungu. Huyu wa pili anasikia kweli kile anachokisikia. Kumwita mlafi ni kumwadhibu kwa njaa ambayo ndugu yake hajawahi kuionja.

Baba naye wa “hatoki kwenye kochi” nina la kumwambia. Katika utafiti wa EarlyBird uliofuatilia watoto wa Plymouth, Uingereza, mwaka baada ya mwaka, unene ulitangulia na kutochezacheza kukafuata. Kinyume chake hakikuonekana. Mtoto mzito huchoka, huchekwa, huacha kukimbia. Si utafiti wa kumaliza mjadala. Mimi bado nawataka watoto wacheze, kwa moyo, kwa mifupa na kwa furaha yao. Ila sitamwahidi mzazi kwamba mpira wa jioni peke yake utashusha kilo, kwa sababu sioni ukifanya hivyo.

Maziwa ya mama pia. Tunayahimiza, na tutaendelea, kwa sababu yanakinga na maambukizi. Lakini yale mabango yanayosema yanazuia unene yananitia shaka. Jaribio kubwa la Belarus lililoanza katikati ya miaka ya 1990 liliongeza sana unyonyeshaji, na watoto walipofikia miaka 6 na nusu, kisha 11 na nusu, unene haukuwa umepungua. Mama aliyeshindwa kunyonyesha asije kwangu akidhani yeye ndiye chanzo.

Penye ushahidi mzito zaidi ni vinywaji vyenye sukari. Mwaka 2012 Waholanzi walichapisha jaribio la watoto 641: kila siku mtoto alipata mililita 250 za kinywaji, nusu yao chenye sukari, nusu kisicho na sukari, na mtoto mwenyewe hakuambiwa anakunywa kipi. Baada ya miezi 18, wale wa sukari walikuwa wameongezeka takriban kilo moja zaidi ya wenzao. Kikopo kimoja tu kwa siku. Sukari ya kunywa haishibishi kama ya kutafuna, na hilo linahusu juisi ya matunda pia, hata ile mliyoikamua wenyewe. Usingizi nao una nafasi yake: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na simu kitandani inazila.

Mkitaka damu ipimwe, basi ipimwe kwa swali lenye maana: sukari, ini, mafuta ya damu. Na presha ipimwe kwa mkanda unaoenea mkono wa mtoto. Ule weusi wa shingoni unaosuguliwa kwa dodoki kila asubuhi si uchafu, ni ngozi inayoonyesha kwamba insulini imezidi. Acheni kumsugua, mnamuumiza bure. Mleteni tupime sukari.

Na mtoto ambaye urefu wake umesimama, au aliyenenepa ghafla ndani ya miezi michache akapata michirizi mipana ya zambarau tumboni, au anayeamka na maumivu ya kichwa na kutapika huku macho yakififia, huyo msimsubirishe miadi ya kawaida. Hapo homoni ninazitafuta mimi mwenyewe, siku hiyohiyo.