Plagini ya Vim ndani ya Neovim: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Neovim ni Vim ileile." Kauli hii, kuhusu programu mbili za kuandikia maandishi na kodi, inawapotezea usiku mzima vijana wengi wanaojifunza programu hapa Unguja na Pemba. Ni kweli Neovim ilichipuka kutoka Vim mwaka 2014, na skripti nyingi za zamani zinakwenda kote. Lakini kwenye fanksheni (vipande vya kodi vyenye jina, unavyoviita vifanye kazi) za kuendesha programu ya nje, kila mmoja ameshika njia yake.

Tuseme mwalimu wa skuli Chake Chake anataka plagini, yaani kiongezeo cha programu, itakayoita programu ya kukagua tahajia huku yeye akiendelea kuandika. Kwenye Vim, kuanzia toleo la 8 la mwaka 2016, ataita job_start. Kwenye Neovim ni jobstart. Wengi hudhani ukishafuta kistari cha chini umemaliza. Hujamaliza. Ili kupokea majibu ya programu ile, Vim inataka chaguo liitwalo out_cb, na fanksheni unayoiweka hapo hupewa vitu viwili: chaneli (njia ya mawasiliano na programu hiyo) na ujumbe, na kwa kawaida ujumbe huo ni mstari mmoja kamili. Neovim inataka on_stdout, nayo hutoa vitatu: namba ya kazi, data na jina la tukio. Tena data hiyo ni orodha, na kipande chake cha mwanzo au cha mwisho kinaweza kuwa nusu mstari. Neno lililokosewa "mwanafuzi" laweza kukujia "mwana" sasa hivi, "fuzi" baadaye. Usipoviunga, mwalimu ataoneshwa makosa ambayo mwanafunzi hakuyafanya, na hilo mimi naliona ni jambo zito.

Wengine wakiona kosa lenye namba E118 husema plagini imeharibika, wanaifuta. Hapana: agumenti, yaani vitu inavyopewa fanksheni, zimezidi tu. E119 ni kinyume chake, zimepungua.

Wapo pia wanaosema jina likifanana herufi kwa herufi, huna la kuhofia. Itazame system, fanksheni ya kuendesha amri ya nje. Neovim inakubali uipe amri kama orodha, na inaiendesha bila kupitia sheli, ile programu inayopokea amri za kompyuta. Ipe Vim 8 orodha hiyohiyo, itakujibu kwa kosa E730, maana inataka maandishi.

Kuuliza has('nvim'), yaani kama hii ni Neovim, kunasaidia, ila Vim nyengine zimejengwa bila uwezo wa job, yaani wa kuendesha programu ya nje kwa job_start. Mimi napendelea exists('*job_start'), kwa sababu inauliza fanksheni yenyewe kama ipo. Jibu liweke ndani ya fanksheni yako moja ndogo, na plagini yote iite hiyo tu.