Faili la mtoto si la mzazi peke yake

Huku Unguja na Pemba wengi bado huamini kwamba faili la mtoto hospitalini huonyeshwa baba au mama tu, na kuwa aliyeteuliwa na mahkama kumwakilisha mtoto ni mtu baki. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inatanguliza maslahi ya mtoto. Mahkama ikiamuru, mwakilishi huyo huonyeshwa kumbukumbu za matibabu, kwa mipaka ya amri yenyewe. Tena ni haki iwe hivyo: mara nyingine anayetuhumiwa kumuumiza mtoto ndiye mzazi. Mtoto atatetewaje, ikiwa msemaji wake hayajui majeraha aliyoyaandika daktari? Hospitali nayo iisome amri, ihakikishe aliyeileta ndiye aliyetajwa, kisha ifungue faili.