Je, wajua kwa nini sifa za rafiki hungoja matanga?

Fika kwenye kilio chochote Lubumbashi, iwe Katuba, Ruashi au mtaa wa Kenya (ule wa kwetu, si nchi), utasikia jambo lile lile. Viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai, akina mama wamekaa chini, na mmoja mmoja anasimama kumsema marehemu. Alimlipia fulani masomo. Alikesha hospitali akimlinda mtoto asiye wake. Alijua kutunza siri ya mtu. Maneno ni ya kweli, na wanaoyasema wamekuwa nayo moyoni miaka mingi. Mwenyewe aliondoka bila kuyasikia.

Wengi watakuambia ni aibu, au kwamba hatukulelewa hivyo. Ukweli upo humo, nami nitaufikia. Lakini wachunguzi wa saikolojia wameonyesha sababu nyingine, na hiyo ndiyo naiona imetubana zaidi: tunakosea hesabu. Tunadhani rafiki anajua zaidi ya anavyojua, na tunadhani akiambiwa ataona haya kuliko atakavyoona kweli.

"Ah, anajua." Neno hilo limezika mengi. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapanga watu wawili wawili. Mmoja alichagua wimbo unaojulikana na wengi, akaupiga kwa kidole mezani, mdundo peke yake. Mwenzake akabahatisha ni wimbo gani. Wapigaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizopigwa, zilitambuliwa 3. Jaribu leo na wimbo wa taifa, uone. Anayepiga anausikia kichwani mzima, na maneno yake na vyombo vyake. Anayesikiliza anapata ko-ko-ko ya meza. Na rafiki yako ndivyo anavyokupata: simu ya Jumapili, kiti ulichomwekea, utani wa kila siku. Mengine yote yanalia ndani yako tu.

Hesabu ya pili ilipimwa na Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Waliwaomba watu waandike barua ya shukrani kwa mtu aliyewafaa maishani, kisha wakadirie atakavyojisikia akiisoma. Baadaye waliopokea barua wakaulizwa wenyewe. Walikuwa wamefurahi kuliko waandishi walivyotegemea, wameshangazwa zaidi na yaliyoandikwa, na ile haya iliyoogopwa ilikuwa ndogo. Chanzo cha kosa kinagusa. Mwandishi alihangaika na ufundi: nitapata maneno? nitaonekana mjinga? Msomaji hakuwa na habari na ufundi. Aliangalia kama barua ina moyo. Maana yake kile kinachotufunga mdomo, hofu ya kusema vibaya, ni kitu ambacho anayeambiwa hakipimi kwa uzito ule.

Sasa malezi. Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wazee wengi wameishi nayo: ukimsifu mtu machoni atabweteka. Kwa mgema anayeuza tembo huenda ni kweli. Rafiki aliyekubeba miaka kumi hakuuzii kitu, na sijapata kuona aliyeharibika kwa kuambiwa "ulinifaa". Wanaume nao tuna utani. Tunatukanana kwa mapenzi, na asiyetujua angedhani tuna ugomvi. Utani ni mzuri, unalinda urafiki usichoke, ila una mpaka: kuna mambo hauwezi kuyabeba. Halafu kuna hofu nzito kuliko zote, kwamba maneno mazito kwa mtu mzima wa afya yanafanana na kuaga. Mwambie rafiki yako leo, bila kucheka, kwamba amekufaa sana. Atakutazama. "Kuko nini, yaya? Unaumwa?" Na asipouliza ugonjwa, atangoja uombe falanga.

Lakini tusijidanganye kwamba kumsifu aliye hai ni tabia ya kigeni. Waluba, ambao Lubumbashi imejaa watoto wao, wana kasala: ushairi wa sifa unaomtaja mtu kwa majina yake, wazee wake, ukoo wake na matendo yake. Kasala husikika msibani, ndiyo, lakini pia kwenye sherehe, mwenye sifa akiwa amesimama pale pale anasikia. Ngo Semzara Kabuta, mtaalamu wa Kongo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ghent huko Ubelgiji, ametumia miaka mingi kuwafundisha watu wa leo kutunga kasala kwa ajili ya wenzao walio hai, na kwa ajili yao wenyewe. Naona amefanya kazi kubwa. Amekumbusha kwamba kumwita mtu kwa wema wake mbele ya uso wake kulikuwa na mahali pake kwetu, na watu waliojua kulifanya jambo hilo vizuri.

Kasala inafundisha jambo lingine linalosaidia hata asiye mshairi: taja tendo. "Wewe ni mtu mzuri" ni maneno ya kadi, rafiki atayapokea na kuyasahau. Mwambie hivi: "Yaya, ule mwaka kazi ilipokatika, ulikuwa unaniletea unga wa bukari usiku, ili majirani wasione. Sijasahau." Hapo hakuna ufundi wowote. Kuna unga, kuna usiku, na kuna heshima aliyokulindia, ambayo pengine yeye mwenyewe hajui kwamba uliiona. Huenda ndiyo sababu wale wapokeaji wa barua walishangaa: pengine walijua wanapendwa kwa jumla, hawakujua ni lipi hasa lililobaki.

Aliyehamia Kolwezi kufuata kazi ya mgodi mtumie ujumbe wa sauti. Mnayeonana, mkute mkiwa wawili. Mbele ya kundi utani utashinda. Akiuliza kama unaumwa, jibu kwamba huumwi, kisha malizia ulichoanza, maana wengi hurudi nyuma hapo hapo na kugeuza yote kuwa mchezo.

Wala usiseme mara moja ukadhani umemaliza. Martin Seligman na wenzake walichapisha mwaka 2005 jaribio ambalo watu walimwandikia barua mtu ambaye hawakuwahi kumshukuru inavyostahili, wakampelekea wenyewe. Furaha ya waliopeleka ilipanda sana, ikadumu kama mwezi, na kufikia miezi mitatu ilikuwa imerudi palipokuwa. Kwa hiyo ukimwambia rafiki mwezi huu, mwambie tena baada ya mvua, ukitaja tendo lingine. Na siku utakapoambiwa wewe, usiharakishe kusema "si kitu". Mwache mwenzako afike mwisho wa maneno yake, umjibu aksanti.