Dawa mpya ya skizofrenia si lazima ishinde ya zamani

Wengi huamini kwamba dawa mpya za skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, hutibu vizuri zaidi bila madhara, hivyo anayeandikiwa haloperidoli, dawa ya zamani, hujiona amepunjwa. Utafiti wa Marekani uitwao CATIE, uliochapishwa mwaka 2005, ulilinganisha perfenazini, iliyoanza kutumika miaka ya 1950, na dawa mpya kadhaa, ukaonyesha kwamba perfenazini haikuachwa nyuma na nyingi kati ya hizo mpya. Wagonjwa walidumu zaidi na olanzapini, mojawapo ya dawa hizo mpya, lakini ndiyo iliyowanenepesha zaidi na kuvuruga sukari na mafuta ya damu.

Tofauti kubwa, basi, imo katika madhara. Haloperidoli huweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono na kumnyima mtu utulivu hata asiweze kukaa kitini, mateso ambayo ndugu, kwa bahati mbaya, hudhani ni ugonjwa unaozidi. Klozapini, ambayo nayo si mpya, ndiyo tegemeo la wagonjwa wasiosaidiwa na dawa nyingine, ila humlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha mno seli nyeupe za damu, zinazoukinga mwili. Anayetaka kubadilishiwa dawa amweleze daktari dhara linalomtesa, wala asiiache ghafla.