Je, wajua Mwafrika wa kwanza kufikisha magoli 100 ya timu ya taifa ni mwanamke?

Uliza swali hili kijiweni, Mwafrika gani alikuwa wa kwanza kuifungia nchi yake magoli 100, utasikia Drogba, mwingine atasema Eto'o, na watabishana mpaka chai ipoe. Wote wamekosa. Drogba aliifungia Ivory Coast 65, Eto'o akaishia 56 na Cameroon. Aliyefika 100 ni Portia Modise, binti wa Soweto, wenyewe wanamwita Bashin, straika wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, na alifika hapo Oktoba 2014 kwenye fainali za Afrika za wanawake kule Namibia siku walipowachapa Algeria 5-1. Anastaafu 2015 ana magoli 101 kwenye mechi 124, yaani ukipiga hesabu ni kama magoli manne kila mechi tano!

Sasa aliwezaje? Kwanza alianza mdogo sana. Kazaliwa 1983, na ilipofika 2000 tayari anavaa jezi ya taifa, umri ambao wengi bado wako darasani. Mpira wenyewe alijifunzia mtaani akicheza na watoto wa kiume, na mtaani hakuna anayekuhurumia kwa sababu wewe ni msichana. Halafu ni kweli kwamba ukanda wa kusini Banyana walikuwa wababe, kombe la kwanza la wanawake la ukanda huo, COSAFA 2002, walibeba wao, kwa hiyo kuna mechi magoli yalikuja mengi. Lakini wenzake nao walicheza mechi hizohizo na hawakufika 100.

Kwangu mimi jibu kubwa liko miguuni kwake. Modise hakuwa straika wa kukaa kwenye boksi kusubiri krosi, alikuwa anashuka chini kuchukua mpira kama kiungo, na akiona goli tu anapiga hata awe mbali kiasi gani. Tafuta lile goli lake la Olimpiki ya London 2012, mechi na Sweden pale Coventry. Wameshapigwa tatu bila, wengine hapo wangekuwa wanasubiri filimbi tu, yeye kapata mpira maeneo ya katikati ya uwanja, kainua kichwa kaona kipa katoka golini, kapiga kutoka hukohuko na mpira ukampita kipa ukazama wavuni. Mechi iliisha 4-1 lakini mpaka leo ukitaja michuano ile watu wanakumbuka lile la Bashin. Nimelirudia mara nyingi na bado linanisisimua.

Na kinachoniuma ni hiki: hayo magoli 101 kayafunga huku katikati kakosa kama miaka minne! Alikorofishana na kocha wa wakati ule, akakaa nje ya timu kuanzia 2008 hadi 2012, miaka ambayo straika ndio anakuwa kwenye ubora wake. Hata 2010 Twiga Stars wetu, timu ya wanawake ya Tanzania, walipofuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza na kwenda kucheza hukohuko kwao Afrika Kusini, wakapangwa kundi moja na wenyeji, Modise hakuwepo uwanjani. Tukafungwa 2-1 bila hata yeye.

Kombe la Dunia pia hakuwahi kulicheza. Mashindano yaleyale ya Namibia alikofikisha 100 ndio yalikuwa yanatoa nafasi tatu za Afrika kwenda Canada 2015. Banyana wakatolewa nusu fainali na Nigeria 2-1, wakabaki na mechi ya mshindi wa tatu na Ivory Coast, wakapigwa 1-0 na safari ikafa hapo. Goli moja tu. Mwaka uliofuata Modise akatundika daluga, ana miaka 31.

Banyana walikuja kufika Kombe la Dunia 2019, Ufaransa. Goli lao la kwanza kabisa huko alifunga Thembi Kgatlana dhidi ya Hispania, kwa shuti la kupinda.