Chuchu ya ng'ombe ikichanika, tazama ncha yake kwanza

Ng'ombe huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza. Kwenye zege lililolowa mkojo, kama lilivyo katika mabanda mengi ya Kimara, Goba na Kigamboni, kwato huteleza na kukanyaga chuchu yake mwenyewe, hasa baada ya kuzaa kiwele kikiwa kimejaa na kuning'inia. Misumari na kingo za mabati humalizia.

Wafugaji wengi hushtushwa na ukubwa wa kidonda. Mimi huuliza mawili: maziwa yanavuja kupitia kidondani? Ncha imeguswa? Ubavu uliochunika ngozi tu hupona, hata kidonda kikiwa kirefu. Mkwaruzo mdogo nchani ndio unaonitia hofu, kwa kuwa pale kuna mfereji wa takriban sentimita 1, wenye msuli unaoufunga na utando wa keratini unaonasa bakteria. Ukiharibika, ugonjwa wa kiwele umefunguliwa mlango.

Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, gramu 9 za chumvi kwa lita 1. Usipake majivu wala oili. Ngozi inayoning'inia usiikate, daktari wa mifugo huenda akaihitaji kufunika kidonda. Mwite siku hiyo hiyo: kushona hufaa zaidi ndani ya saa 12 hivi, kabla kingo hazijavimba na kuanza kufa. Mpasuko wa kukingama hupona kwa shida kuliko wa wima, maana mishipa ya damu hushuka kwa urefu wa chuchu. Kidonda kinachovuja kisiposhonwa huacha tundu, na mara nyingi kuliziba husubiri ng'ombe akaushwe, yaani aachwe kukamuliwa kabla ya kuzaa tena.

Tafadhali, usichomeke njiti, unyoya wala mrija wa soda ili maziwa yatoke! Unasukuma uchafu ndani na kuchana utando uleule unaolinda. Mrija wa kitabibu uliotakaswa ni kazi ya daktari.

Chuchu iliyoumia ikamuliwe mwisho. Matone ya kwanza yaangalie juu ya kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, mwambie daktari. Ukimaliza, chovya chuchu zote kwenye dawa ya ayodini ya asilimia 0.5 yenye gliserini, kisha mpe majani asimame angalau nusu saa, mfereji ujifunge. Akitiwa antibayotiki hata kwenye chuchu moja, maziwa ya chuchu zote nne hayauzwi hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Na mahali pa kulala, kwa joto na unyevu wa hapa Dar, weka mchanga mkavu. Maranda ya mbao yakilowa huzalisha bakteria haraka.