Kwa Nini Kanisa Kuu la Jiji la Mexico Limeinama?

Mgeni anayeingia katika Kanisa Kuu la Jiji la Mexico, lililojengwa kati ya mwaka 1573 na 1813, huweza kuhisi mteremko wa sakafu kwa miguu kabla ya kuuona kwa macho. Ndani yake inaning'inia timazi ndefu, na alama zilizo sakafuni chini yake zinaonyesha jinsi jengo lilivyoinama na kusogea.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba yaliyoliinamisha ni matetemeko ya ardhi. Dhana hiyo ina msingi wake, kwa kuwa tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 liliua maelfu ya watu na kubomoa mamia ya majengo jijini humo. Hata hivyo, tetemeko hutikisa kwa dakika chache likapita, ilhali jiji hili hushuka mwaka hadi mwaka, hata pale ardhi inapotulia. Wengine huulaumu uzito wa mawe, nao una sehemu yake, kwani wajenzi wa enzi ya Wahispania walisumbuliwa na majengo kutitia. Lakini uzito hauelezi kwa nini barabara na nyumba nyepesi nazo zimeshuka mita kadhaa katika karne ya 20. Mwaka 1948 mhandisi Nabor Carrillo alionyesha kwamba chanzo ni maji yanayovutwa visimani.

Jiji la Mexico limejengwa mahali pa Tenochtitlan, mji wa Waazteki, watu waliotawala eneo hilo hadi mji wao ulipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1521. Mji huo ulikuwa kisiwani katika Ziwa Texcoco, ambalo baadaye lilikaushwa. Chini ya jiji kuna udongo laini wa mfinyanzi, ambao maji yake huweza kuwa na uzito mara kadhaa kuliko udongo wenyewe ukikauka. Mtu aufikirie kama nazi iliyokunwa ndani ya kifumbu. Maji yaliyomo husaidia kubeba mzigo wa juu. Pampu zinapoyavuta kutoka tabaka za chini, mzigo huhamia kwenye chembe za udongo, zikabanana, na kama machicha yaliyokamuliwa, hazirudii unene wake wa awali hata zikilowekwa upya.

Kama udongo wote ungebanana sawasawa, kanisa lingeshuka wima. Lakini sehemu yake imekaa juu ya mabaki ya mahekalu ya Waazteki, ambayo yalikwisha kuukandamiza udongo muda mrefu kabla ya Wahispania kufika. Hapo ni machicha yaliyokwisha kutoa tui la kwanza. Pembeni mwake tui bado limo, na huko ndiko jengo linakozama zaidi. Tofauti kati ya pande zake ilifikia zaidi ya mita 2. Kwangu mimi hili ndilo la kustaajabisha kuliko yote: mahekalu yaliyobomolewa bado yanaamua mkao wa kanisa lililochukua nafasi yao.

Katika miaka ya 1990 wahandisi hawakujaribu kuinua upande uliozama. Walichimba mashimo 32 ya kina kirefu, wakawa wanaondoa udongo kidogo kidogo chini ya sehemu zilizobaki juu, ili nazo zishuke. Kanisa halikuacha kuzama, ila sasa pande zake zinakaribiana zaidi katika kushuka.